Guglielmo Marconi: Fundi wa Sauti ya Papa

Kijana mwenzangu, leo tumtazame mtu ambaye kazi yake tunaitumia kila siku bila kumtaja.

Guglielmo Marconi alizaliwa Bologna, Italia, tarehe 25 Aprili 1874, baba Mwitaliano, mama wa Ireland. Mwaka 1895, akiwa na miaka 21 tu, alirusha ishara bila waya hadi ng'ambo ya kilima karibu na kwao. Mwaka 1901 ishara zake zikavuka Atlantiki, na mwaka 1909 akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Karl Ferdinand Braun.

Wengi wangeridhika hapo. Yeye, akikaribia miaka 60, akayageukia mawimbi mafupi sana, maikrowevu, ambayo wataalamu wengi waliamini hayavuki upeo wa macho. Mwaka 1932 aliyanasa kutoka umbali wa kama kilomita 270. Februari 1933 Papa Pius XI akazindua simu ya Marconi ya mawimbi hayo kati ya Vatikani na Castel Gandolfo, kama kilomita 20. Radio Vatikani nayo aliijenga Marconi, mwaka 1931.

Yale madishi ya duara unayoyaona kwenye minara ya simu ni wajukuu wa mtambo ule. Sisi watu wa visiwani tunajua maana yake: kutandaza waya ziwani ni kazi kweli, lakini mawimbi yanaruka juu ya maji, na mvuvi wa Bumbire anaongea na nyumbani Muleba.

Ila kuna jambo zito. Marconi alijiunga na chama cha Mussolini mwaka 1923, na akapewa vyeo. Mwaka huohuo wa 1931 serikali ile ilivunja vyama vya vijana Wakatoliki, hadi Papa akaandika waraka kupinga. Marconi hakukihama chama chake. Alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937, na redio za nchi nyingi zikanyamaza kwa dakika mbili.

Basi, akili kubwa haitoshi kumfanya mtu aone haki; dhamiri nayo inahitaji kulelewa. Leo jiulize: kipaji changu kinamtumikia nani?

Tusali: Ee Bwana, uliyetupa akili, utupe na moyo wa kusimamia ukweli. Amina.