Kristian Birkeland

Kristian Olaf Bernhard Birkeland (Kristiania, 13 Desemba 1867 – Tokyo, 15 Juni 1917) alikuwa mwanafizikia na mvumbuzi kutoka Norwei. Anajulikana hasa kwa nadharia yake kuhusu aurora, yaani nuru za rangirangi zinazoonekana usiku angani karibu na ncha za Dunia. Alieleza kwamba nuru hizo husababishwa na chembe zenye chaji ya umeme zinazotoka kwenye Jua na kuongozwa na uga sumaku wa Dunia. Wataalamu wengi wa zama zake waliikataa nadharia hiyo. Ilithibitishwa miaka 50 hivi baada ya kifo chake, satelaiti zilipopita juu ya maeneo ya aurora.

Maisha ya awali na masomo

Birkeland alizaliwa mjini Kristiania, mji ambao leo unaitwa Oslo. Tangu ujana alivutiwa na sumaku na hisabati. Baada ya kusoma katika Chuo Kikuu cha mji huo alikwenda Ufaransa, Uswisi na Ujerumani kuendelea na masomo. Mjini Paris alisoma kwa Henri Poincaré, na mjini Bonn kwa Heinrich Hertz. Mwaka 1895 alichapisha suluhisho la jumla la milinganyo ya Maxwell, ambayo ndiyo msingi wa elimu ya sumakuumeme. Mwaka 1898 aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia mjini Kristiania, akiwa na umri wa miaka 30.

Nadharia ya aurora

Katika maabara Birkeland alichunguza miali ya kathodi, ambayo ni mikondo ya elektroni ndani ya chombo cha kioo kilichotolewa hewa. Aliona kwamba sumaku inapowekwa karibu, miali hiyo hupinda na kukusanyika kuelekea ncha ya sumaku. Mwaka 1896 alitoa wazo kwamba jambo hilohilo hutokea angani: Jua hutoa chembe zenye chaji, na Dunia, ikiwa sumaku kubwa, huzivuta kuelekea ncha zake. Chembe hizo zinapogonga atomu na molekuli za hewa ya juu, hewa hung'aa.

Ili kulijaribu wazo hilo alitengeneza kifaa kilichoitwa terella, yaani Dunia ndogo. Kilikuwa tufe la chuma lenye sumakuumeme ndani yake, likiwekwa katika kisanduku cha kioo chenye ombwe. Aliporusha elektroni kuelekea tufe hilo, pete mbili za nuru zilitokea kuzunguka ncha zake, kama aurora inavyoizunguka Dunia halisi.

Safari za kaskazini

Birkeland hakuridhika na majaribio ya maabara peke yake. Mwaka 1897 aliongoza safari ya kwanza kwenda kaskazini mwa Norwei wakati wa baridi kali, na kundi lake liliponea chupuchupu katika dhoruba ya theluji. Mwaka 1899 alijenga kituo cha uchunguzi kwenye mlima Haldde, penye kimo cha mita 900 hivi. Safari hiyo ilikuwa na gharama kubwa: msaidizi wake mmoja alifariki katika poromoko la theluji.

Mwaka 1902 na 1903 alipanga vituo vinne kwa pamoja: Norwei kaskazini, Iceland, Spitsbergen na Novaya Zemlya. Wachunguzi wa kila kituo walirekodi mabadiliko ya uga sumaku kwa saa zilezile. Kwa kulinganisha vipimo hivyo, Birkeland aliweza kuchora mahali mikondo ya umeme ilipopita juu ya vichwa vyao. Alihitimisha kwamba mikondo hiyo hushuka kutoka angani kwa kufuata mistari ya uga sumaku, husafiri sambamba na ardhi katika eneo la aurora, kisha hupanda tena na kurudi angani. Matokeo hayo yalichapishwa katika kitabu kikubwa chenye sehemu mbili, mwaka 1908 na 1913.

Mzinga na mbolea

Utafiti huo ulihitaji fedha nyingi kuliko alizopewa na serikali. Birkeland alitafuta fedha kwa njia ya uvumbuzi, akabuni mzinga unaorusha risasi kwa nguvu ya sumakuumeme badala ya baruti. Tarehe 6 Februari 1903 aliuonyesha hadharani katika ukumbi wa Chuo Kikuu. Mitambo ilipiga shoti, cheche kubwa ikaruka kwa kishindo na wageni wakashtuka. Baada ya hapo mzinga haukupata wanunuzi.

Hata hivyo, aibu hiyo ilizaa faida. Siku chache baadaye alikutana na mhandisi Sam Eyde, aliyekuwa akitafuta cheche kubwa ya umeme ili kuunganisha nitrojeni na oksijeni za hewani. Wakati huo wakulima wa Ulaya walitegemea sana mbolea ya nitrati kutoka Chile. Birkeland alitumia sumaku kuitandaza cheche hiyo iwe mfano wa sahani ya moto, na hewa iliyopitishwa humo ilitoa gesi ya kutengenezea mbolea. Kwa msingi huo kampuni ya Norsk Hydro ilianzishwa mwaka 1905. Njia hiyo ilitumia umeme mwingi mno, ikaachwa baadaye kwa sababu ya njia ya Haber na Bosch iliyo nafuu zaidi.

Miaka ya mwisho

Birkeland alimwoa Ida Hammer mwaka 1905, lakini ndoa haikudumu na hawakuwa na watoto. Alifanya kazi usiku na mchana, akakosa usingizi na kuzoea dawa ya usingizi iitwayo veronali. Alikwenda Misri na Sudan kuchunguza nuru ya zodiaki, ambayo huonekana vizuri zaidi katika nchi za joto baada ya Jua kuzama. Alikaa Helwan karibu na Kairo hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipoendelea. Afya yake ilidhoofika na aliingiwa na hofu kwamba anafuatwa na wapelelezi.

Mwaka 1917 aliondoka Misri ili arudi Ulaya kwa kuzunguka kupitia Asia ya Mashariki, kwa kuwa njia ya kawaida ilikuwa ya hatari wakati wa vita. Akiwa Tokyo alikutwa amefariki katika chumba cha hoteli. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa amekunywa gramu 10 za veronali badala ya nusu gramu.

Kukataliwa na kuthibitishwa

Wanafizikia wa Uingereza walipinga nadharia yake. Arthur Schuster alidai kwamba elektroni zingesukumana na kutawanyika kabla ya kuifikia Dunia. Birkeland aliona kwamba lazima chembe chanya na hasi zisafiri pamoja, na mwaka 1916 aliandika hivyo. Baada ya kifo chake Sydney Chapman alifundisha kwamba mikondo yote hubaki katika hewa ya juu ya Dunia, na maoni hayo yalitawala kwa miongo kadhaa. Hannes Alfvén wa Uswidi alikuwa mmoja wa wachache waliomtetea Birkeland.

Vipimo vya ardhini peke yake havikuweza kumaliza ubishi huo, kwa sababu mikondo ya aina zote mbili inaweza kuleta badiliko lilelile kwenye sumaku iliyo chini. Ilibidi kupima kutoka juu. Mwaka 1962 chombo cha angani Mariner 2, kikielekea Zuhura, kilionyesha kwamba upepo wa Jua huvuma bila kukoma. Miaka ya 1960 satelaiti ya Marekani iligundua misukosuko ya sumaku juu ya maeneo ya aurora, na satelaiti Triad iliyorushwa mwaka 1972 iliwezesha kuchora ramani ya mikondo inayopanda na kushuka. Leo inaitwa mikondo ya Birkeland. Wakati wa dhoruba za sumaku jumla yake huweza kupita amperi milioni 1.

Mikondo ya namna hiyo imeonekana pia kwenye sayari nyingine. Mwezi Io unapopita katika uga sumaku wa Mshtarii, mikondo huunganisha mwezi huo na ncha za sayari yake na kuacha alama za nuru pale inapofika. Chombo Juno kimepima mikondo ya Mshtarii tangu mwaka 2016.

Si kila wazo lake lilikuwa sahihi. Alidhani pete za Zohali na nuru ya zodiaki hutokana na umeme. Vyombo vya Voyager na Cassini vilionyesha kwamba pete hizo ni vipande vya barafu hasa, na nuru ya zodiaki ni mwanga wa Jua unaorudishwa na vumbi.

Kumbukumbu

Picha ya Birkeland pamoja na terella yake iliwekwa kwenye noti ya kroner 200 ya Norwei kuanzia mwaka 1994. Kasoko moja ya upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani imepewa jina lake. Iko kando ya kasoko Van de Graaff, katika eneo ambalo satelaiti ndogo zilizoachwa na Apollo 15 na 16 zilikuta uga sumaku wenye nguvu kuliko kawaida ya Mwezi.