Willie Velásquez na Daftari la Wapiga Kura

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee wetu. Marehemu William Velásquez, ambaye watu wa Texas huko Marekani walimzoea kwa jina la Willie, aliishi kwa methali hiyo ingawa pengine hakupata kuisikia.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1944 huko Orlando, Florida, akalelewa San Antonio, Texas, mji wenye watu wengi wa asili ya Mexico. Baba yake alifanya kazi ya bucha, naye alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Upande wa magharibi wa mji huo ndiko walikokaa maskini. Mvua ikinyesha maji yaliingia majumbani kwa kukosa mitaro, na barabara nyingi hazikuwa na lami. Wakaazi walilalamika, lakini barazani hawakuwa na wa kuwasemea.

Walinyimwa sauti kwa njia nyingi. Kwa miaka mingi serikali ya Texas ilimtoza mpiga kura kodi iliyofikia dola 1 na senti 75, mzigo kwa kibarua wa shamba. Kodi hiyo ilikomeshwa kabisa mwaka 1966. Lakini hila zilibaki. Madiwani walichaguliwa na mji mzima badala ya mtaa kwa mtaa, basi wenye nguvu wakajitwalia karibu viti vyote. Kwingineko mipaka ilikatwa makusudi ili kura za wanyonge zitawanyike. Baya zaidi, watu wenyewe walikata tamaa.

Mwaka huo wa 1966 Velásquez alihitimu katika Chuo Kikuu cha St. Mary's, kisha akaenda bonde la Rio Grande kuwasaidia vibarua wa mashamba waliogoma. Mwaka 1967 yeye na vijana wenzake wanne waliunda chama cha vijana wenye asili ya Mexico. Baadaye baadhi ya wenzake walitaka kuanzisha chama kipya cha siasa. Yeye akashika njia nyingine, ndefu na isiyo na makelele: kuwaandikisha watu, jina moja baada ya jingine.

Mwaka 1974 alifungua shirika la kuandikisha na kuelimisha wapiga kura wa Kusini-magharibi ya Marekani. Vijana wake walibisha hodi nyumba kwa nyumba. Hawakuanza na siasa za Washington. Waliuliza kwanza wenyeji wanasumbuliwa na nini, iwe mtaro, maji au shule, kisha wakawaonyesha namna kura inavyoyagusa mambo hayo. Wenyeji wenyewe ndio walioongoza kazi, na mafundisho yake yalikuwa kwamba kura ya mtu ndiyo sauti yake. Palipokuwa na hila za mipaka, aliungana na wanasheria kwenda mahakamani.

Mambo yakaanza kugeuka. Mwaka 1975 sheria ya haki ya kupiga kura ilipanuliwa kuwalinda wasemao Kihispania. Mwaka 1977 San Antonio iliacha utaratibu wa zamani, ikachagua madiwani mtaa kwa mtaa, na katika viti 11 vya baraza watu wa asili ya Mexico wakapata 5. Mwaka 1981 Henry Cisneros akawa meya wa mji huo.

Velásquez hakukaa kuyafaidi matunda. Alifariki kwa saratani ya figo tarehe 15 Juni 1988, akiwa na umri wa miaka 44 tu. Mwaka 1995 Rais Bill Clinton alimtunukia, baada ya kufa kwake, nishani kubwa ya taifa wapewayo raia.

Mabishano ya mipaka huko Texas hayajaisha hata leo, na kila mwaka vijana wengine wa Kilatino hufikia umri wa miaka 18, umri wa kupiga kura. Kazi ya kubisha hodi ingali ipo. Velásquez mwenyewe hakupata kukalia kiti chochote cha kuchaguliwa, lakini wengi waliovikalia walipita katika mlango alioufungua.