Rebmann wa Rabai: Miaka 29 Bila Kurudi Kwao

Wengi wetu tulikutana na jina la Johannes Rebmann darasani, na tulikutana nalo kama jibu la mtihani. Nani aliuona Mlima Kilimanjaro? Rebmann. Nani aliuona Mlima Kenya? Krapf. Unaandika, unapata maksi yako, unaenda swali linalofuata. Hakuna aliyetuambia kwamba huyu mtu alizika mtoto, akazika mke, akapoteza macho, na akaondoka Kenya waumini wake wakiwa wa kuhesabika kwa vidole. Hayo hayakuwa kwa silabasi.

Namleta kwenu wiki hii kwa sababu ya swali ambalo limekuwa likizunguka katika ibada zetu za nyumbani, kuanzia Gatwekera na Laini Saba mpaka Kawangware. Watu hawaliulizi kwa sauti. Mtu anabaki nyuma baada ya maombi, anashika Biblia yake, halafu anauliza polepole: kama kweli Mungu ananitunza, mbona huu ni mwaka wa tatu na niko pale pale? Na kuna wapendwa wengine, ambao jaribu halijapiga hodi kwao, wanaomjibu haraka haraka kwamba imani yake ni ndogo. Sitaki kubishana na mtu. Wacha nisimulie tu, kila mtu apime.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, Ujerumani, katika familia ya wakulima. Akiwa kijana alisikia wito wa kwenda misheni. Akasomea Basel kule Uswisi, kisha London, ambako shirika la Anglikana la CMS lilimpokea. Tarehe 10 Juni 1846 akashuka Mombasa, akiwa na umri wa miaka 26. Huko alimkuta Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga, wote ndani ya siku chache za mwezi Julai 1844. Kwa hiyo Rebmann alipofika, kitu cha kwanza ambacho Mombasa ilimwonyesha ni kaburi. Hakuja akiwa amedanganywa kwamba safari ni laini.

Mwezi Agosti mwaka huo walihamia Rabai, milimani nyuma ya Mombasa, kati ya Wamijikenda. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja tu, wakipanda kwa zamu: mmoja juu, mwingine anajikokota kwa miguu mpaka mwenzake ateremke. Ukitaka picha ya mwanzo wa kazi ya misheni Kenya, ni hiyo. Wagonjwa wawili na punda mmoja.

Sasa, habari ya mlima. Mwaka 1848 Rebmann alisafiri kwenda Uchagani na kikundi kidogo cha wapagazi kikiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia. Silaha aliyobeba yeye mwenyewe ilikuwa mwavuli. Asubuhi ya tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima, akafikiri ni wingu. Akamwuliza aliyekuwa akimwongoza. Yule hakuwa na jina lingine la kile kitu isipokuwa baridi. Hapo Rebmann akaelewa kwamba anatazama theluji, karibu kabisa na ikweta. Akaketi chini ya mti, akafungua Biblia, na kwa utaratibu wake wa kusoma kila siku alikuwa amefika Zaburi ya 111, ile inayosifu matendo makuu ya Bwana. Hakuitafuta ili ifanane na siku hiyo. Ndipo alipokuwa amefika.

(Wachagga, bila shaka, walikuwa wakiuona huo mlima kila asubuhi tangu zamani. Tusiwe na haraka ya kusema mtu amegundua kitu ambacho wenyeji wanakitazama wakinywa uji.)

Ungefikiri habari hiyo ingemletea heshima. Ilimletea dharau. London kulikuwa na wasomi wa jiografia, na mmoja wao, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, aliandika kwamba haiwezekani. Kwamba Rebmann aliona vibaya. Kumbukeni yule ni mmisheni, neno lake ndilo mtaji wake wote. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla Baron von der Decken kupanda sehemu ya mlima huo mwaka 1861 na 1862 na kuthibitisha kwamba theluji iko. Miaka hiyo yote Rebmann alikuwa Rabai akiendelea na kazi yake. Wale ambao wamewahi kusingiziwa kazini mnajua uzito wa kungoja hivyo. Meneja anaamini maneno ya mwingine, wewe unakaa na ukweli wako kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani, huwezi hata kugeuka.

Mwaka 1849 alirudi Uchagani mara ya tatu, akikusudia kupita mpaka Unyamwezi. Alikuwa na bidhaa za kutosha safari ndefu. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga alizichukua kidogo kidogo, leo hiki kesho kile, mpaka hakukuwa na safari tena. Rebmann akarudi Rabai akiwa mgonjwa, kwenye mvua, bila chochote. Ndugu zetu waliopoteza vitu vya nyumba kwenye mafuriko ya mwaka 2024, au mama aliyeona kibanda chake kikishuka na stoki ikiwa ndani, hawa hawahitaji nielezee hapo. Mtaji ukienda, hauendi pesa tu. Inaenda ile kesho uliyokuwa umeshaipanga.

Mwaka 1851 alienda Misri, akamwoa Emma Tyler, Mwingereza, mjane, mmisheni kama yeye. Wakarudi pamoja Rabai. Mungu akawapa mtoto mmoja. Mtoto akaishi siku chache tu. Hawakupata mwingine.

Wenzake wakaanza kuondoka. Krapf, afya ikiwa imeharibika, alirudi Ujerumani mwaka 1853. Jakob Erhardt, aliyekuja kusaidia, naye akaondoka mwaka 1855. Wakabaki Rebmann na Emma. Mwaka 1857 Wamaasai walivamia nchi ya nyuma ya Mombasa, watu wakakimbia, misheni ikaharibika, na hao wawili wakalazimika kwenda Zanzibar. Hali ilipotulia wakarudi, wakaanza upya.

Na waumini je? Wa kwanza aliitwa Mringe. Alikuwa mlemavu, mtu ambaye majirani hawakumhesabu, na alibatizwa akiwa karibu kufa. Huyo ndiye tunda la kwanza la Rabai, na baada ya muda mfupi hakuwepo tena. Baadaye wakaja wengine, mmoja mmoja, kwa miaka.

Mimi nilisomea biashara chuoni kabla ya kuingia kwa huduma, na siwezi kujizuia. Mtu angeniletea vitabu vya hiyo misheni mwaka 1860 nivikague, ningependekeza ifungwe. Miaka 14, gharama ya wamisheni kadhaa, vifo, waumini wachache, jengo limeharibiwa. Hakuna benki ingekopesha hapo. Na hata ndani ya CMS kulikuwa na walioona kwamba pale hakuna kitu. Tena tuseme ukweli wote: Rebmann hakuwa mtu rahisi. Yeye na Krapf walitofautiana. Krapf alitaka misheni nyingi zienee kuvuka bara, Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja. Aliweza kujifungia na kamusi zake mpaka mgeni akafikiri hakuna kazi inayofanyika. Sijamleta hapa kama malaika.

Lakini angalia alichokuwa anafanya na hizo kamusi. Alikusanya maneno ya Kiswahili na ya Kinyika. Alikutana pia na mtumwa aitwaye Salimini, aliyekuwa ametolewa kwao upande wa Ziwa Nyasa na kuletwa pwani. Rebmann akaketi naye, neno kwa neno, akiandika lugha ya Salimini. Fikiria hilo. Mtu ameporwa nyumbani kwao, ameuzwa, hakuna anayemwuliza chochote isipokuwa kumpa amri. Halafu mtu mmoja anaketi mbele yake na karatasi, anamwuliza: kwenu hiki mnakiitaje?

Mwaka 1864 walifika Rabai Waafrika waliokuwa wamekombolewa kutoka meli za watumwa, wakalelewa na kusomeshwa kule India. Kati yao walikuwa William Jones na Ishmael Semler. Rebmann alikuwa ameomba wafanyakazi wa kutoka Ulaya miaka mingi. Mungu akamletea watu waliowahi kuuzwa. Jones baadaye akawa kasisi, na Rabai ikaja kuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mashambani kwa mabwana zao. Hilo Rebmann hakuliona.

Mwaka 1866 Emma akafa. Walikuwa wameishi pamoja miaka 15. Rebmann akabaki peke yake, na macho yakaanza kufifia.

Hapa nataka tutembee polepole, kwa sababu sisi ni kanisa linaloamini uponyaji. Tunawekea wagonjwa mikono kila Jumapili na nimeona Mungu akiponya. Sitaacha kuomba hivyo. Lakini macho ya Rebmann hayakupona. Huyu ni mtu aliyeacha kwao kwa ajili ya Injili, anasoma Neno kila siku, amezika mke na mtoto katika kazi ya Bwana. Kama uponyaji ungekuwa mshahara wa imani kubwa, huyu alikuwa na malimbikizo ya kutosha. Macho yalizidi kufifia tu. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kushughulikia biashara ya utumwa, alipita akamkuta karibu kipofu, bado yuko Rabai, bado yuko na kamusi zake. Hakuwa amefunga virago.

Kwa hiyo utunzaji wa Mungu ulikuwa wapi? Swali ni la haki, na ninajua kuna mtu anayesoma hapa ambaye analiuliza juu ya nyumba yake mwenyewe.

Ulikuwa na jina. Uliitwa Nyondo.

Kati ya wale waumini wachache wa Rebmann kulikuwa na Mgiriama mmoja, Abe Ngoa, na mtoto wake aliyebatizwa kwa jina la Isaac Nyondo. Kijana huyu alikaa karibu na Rebmann. Macho yalipokwisha, Nyondo akawa ndiye anayemwongoza. Mzee aliyekuja kuwaonyesha Wamijikenda njia, sasa anashikwa mkono na mtoto wa Mmijikenda ili asijikwae mlangoni. Kwa vitabu vyangu vya biashara, Nyondo angeandikwa kama namba moja kati ya waumini wachache, matokeo duni. Lakini usiku wa mtu kipofu, hiyo namba moja ndiyo inayokuletea maji.

Nimewatembelea baadhi yenu na nimeona hilo kwa macho. Unaomba Mungu akutumie pesa ya kodi, na kinachokuja ni jirani wa mlango wa tatu na unga kilo moja na sukumawiki. Unasema bado Mungu hajajibu. Unaosha sufuria, umeshiba, na unasema bado hajajibu. Simaanishi kodi si kitu. Mwenye nyumba hatapokea sukumawiki. Nasema tu kwamba yule jirani hakujituma.

Mwaka 1875 wamisheni wapya walikuwa wamefika kwa wingi, na karibu na Mombasa kijiji cha Freretown kilikuwa kikianzishwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kazi aliyokuwa ameishikilia peke yake sasa ilikuwa na watu. Rebmann akakubali kurudi Ulaya, mara ya kwanza baada ya miaka 29. Hangeweza kusafiri peke yake. Nyondo akapanda meli pamoja naye, akamwongoza mpaka London, kisha mpaka Ujerumani. Jaribu kumwaza huyo kijana wa Kigiriama akishuka gari la moshi katika nchi ya baridi, akiwa amemshika mzee mkono, akimweleza kilicho mbele yao katika mji ambao mzee ndiye aliyezaliwa karibu nao.

Walifika Korntal, mji mdogo ambako Krapf alikuwa akiishi. Wale vijana wawili wa punda mmoja wakakutana tena wakiwa wazee. Krapf akamsaidia kupata mahali, na akamshauri aoe tena. Katika mwaka wa 1876 Rebmann akaoa mjane wa mmisheni aliyekuwa ametumika India, ili asimalizie siku zake bila mtu. Siku hizo hazikuwa nyingi. Alipata nimonia, akafa tarehe 4 Oktoba 1876, akiwa na miaka 56.

Mwaka uliofuata Krapf alihakikisha kamusi ya lugha ya Salimini imechapishwa. Kanisa la Mtakatifu Paulo lilijengwa Rabai mwaka 1887, na mpaka leo ukipanda pale utaonyeshwa nyumba ya Rebmann. Nyondo alirudi pwani, akaendelea kuitumikia misheni kati ya watu wake, akiwafundisha kwa lugha yao.