P. Kakkan: Mwana wa Pujari Aliyezuiwa Langoni

Hekalu la Meenakshi mjini Madurai, kusini mwa India, lina minara 14, na ule wa kusini hukaribia kimo cha mita 52. Msafiri huiona minara hiyo akiwa bado mbali na mji. Kwa vizazi vingi walikuwako watu ambao hawakuruhusiwa kuiona ila kwa mbali, kwani desturi iliwahesabu kuwa najisi na kuwakataza kuvuka lango. P. Kakkan alizaliwa miongoni mwao katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20, kijijini Thumbaipatti, karibu na mji mdogo wa Melur.

Ajabu ni kwamba baba yake alikuwa pujari. Alihudumu katika hekalu dogo la kijiji chao, na mwanawe alilelewa katika nyumba ya mtu wa ibada. Hata hivyo, siku familia hiyo ilipofika Madurai, haki ya pujari wa kijiji haikuwa kubwa kuliko ya mpita njia: ilikomea nje ya ukuta. Sisi tunaoacha viatu mlangoni na kuingia bila kuulizwa ukoo wetu, hatuna budi kutua kidogo tuifikirie hali hiyo.

Kakkan alijiunga na chama cha Congress angali kijana wa shule. Akamfuata wakili mmoja wa Madurai, Vaidyanatha Iyer, Brahmani aliyekuwa mfuasi wa Gandhi na aliyeyafanya masuala ya watu waliotengwa kuwa kazi ya maisha yake. Tarehe 8 Julai 1939 wakili huyo aliwaongoza Kakkan na wenzake wachache wa jamii zilizokatazwa, wakaingia hekaluni na kusimama mbele ya Meenakshi. Msimamizi wa hekalu, R. S. Naidu, aliwapokea.

Mambo hayakuishia hapo. Baadhi ya makuhani waligoma kuendesha ibada, wakidai kwamba hekalu limenajisiwa, na wapinzani wakaelekea mahakamani. Sheria ya kuwalinda walioingia ilikuwa haijatungwa bado. Waliingia kwanza, sheria ikawafuata. Serikali ya Madras chini ya C. Rajagopalachari ilitoa amri ya dharura, kisha ikapitisha sheria ya mwaka huo wa 1939 iliyoruhusu mahekalu kufunguliwa kwa wote na kuwakinga na mashtaka wale waliokwisha kuyafungua. Gandhi, ambaye hapo awali alikataa kuingia katika hekalu hilo maadamu wengine walizuiwa, aliingia mwanzoni mwa mwaka 1946.

Kakkan alifungwa gerezani wakati wa harakati za mwaka 1942 za kuwataka Waingereza waondoke India. Baada ya hapo alipanda upesi. Alikuwa mjumbe wa Bunge la Katiba, lile lililoandika katika ibara ya 17 kwamba desturi ya kuwahesabu watu kuwa wasioguswa imefutwa. Mwaka 1952 alichaguliwa mbunge wa Madurai katika Bunge la Delhi, na mwaka 1954, Kamaraj alipokuwa Waziri Kiongozi wa Madras, Kakkan alishika nafasi yake ya kukiongoza chama katika jimbo. Vaidyanatha Iyer alifariki mwaka uliofuata. Husimuliwa mjini Madurai kwamba Kakkan alinyoa kichwa siku ya mazishi, kama mwana afanyavyo kwa babaye, na kwamba si jamaa wote wa marehemu waliopendezwa.

Mwezi Aprili 1957 Kamaraj alimteua kuwa Waziri wa Ujenzi, pamoja na ustawi wa jamii zilizotengwa. Hapa ndipo jina lake lilipofungamana na maji. Bwawa la mto Vaigai lilifunguliwa Januari 1959, yeye akiwa waziri, ili kunywesha mashamba na kuupatia mji wa Madurai maji ya kunywa. Huo ndio mto ambamo sanamu ya Kallazhagar huingizwa kila mwaka wakati wa sherehe ya Chithirai, nao mara nyingi ulikuwa mchanga mtupu. Aliyekuwa akikatazwa kuingia hekaluni sasa alisimamia wizara iliyohusika na maji ya mji mzima wa hekalu hilo. Kuanzia mwaka 1962 alishika kilimo, na Oktoba 1963, chini ya Bhaktavatsalam, akawa Waziri wa Mambo ya Ndani.

Wadhifa huo wa mwisho ndio mzito kuusimulia. Januari 1965 ghasia za kupinga Kihindi kufanywa lugha rasmi ya taifa zilizuka mjini Madurai kwenyewe, zikaenea jimbo zima. Polisi walifyatua risasi, jeshi likaitwa, na kwa hesabu ya serikali watu kama 70 walikufa. Uamuzi haukuwa wa Kakkan peke yake, lakini wizara ilikuwa yake, na anayemsifu kwa bwawa hawezi kuiruka sura hii. Wapiga kura hawakuiruka. Mwaka 1967 chama chake kiliondolewa madarakani, Kamaraj na Bhaktavatsalam wakashindwa katika majimbo yao, na Kakkan akashindwa huko Melur, nyumbani kwao.

Akaacha siasa. Miaka kumi ya uwaziri, ambayo mikataba mingi ya ujenzi ilipita wizarani mwake, haikumwachia mali. Alipougua uzeeni alilazwa katika wodi ya kawaida ya hospitali ya serikali mjini Madurai. Waziri Kiongozi wa wakati huo, M. G. Ramachandran, ambaye hakuwa wa chama chake, alifika hospitalini kumwona mgonjwa mwingine, akaambiwa kwamba Kakkan yumo humo. Alikwenda kumjulia hali, akaagiza atunzwe, na serikali ikamsaidia katika siku zake za mwisho.

Kakkan alifariki tarehe 23 Desemba 1981. Mwaka 1999 posta ya India ilitoa stempu yenye picha yake, na kijijini Thumbaipatti, ambako baba yake alikuwa pujari, serikali ya jimbo imemjengea ukumbi wa kumbukumbu.