Charles Fraser: miti aliiandikia hati, majirani je?

Kila mwekezaji anapokuja pwani na michoro yake ya hoteli, neno la kwanza kutwambia ni kuwa mazingira hayataguswa. Wengi husema tu. Mmoja aliyesema na akatenda alikuwa Charles Fraser, mwanasheria wa Marekani aliyekigeuza kisiwa cha Hilton Head, katika jimbo la South Carolina, kuwa mji wa kitalii. Maisha yake yafaa kujulikana na sisi tunaoishi ufuoni, kwa lile aliloliweza na kwa lile lililompita.

Fraser alizaliwa mwaka wa 1929 mjini Hinesville, jimbo la Georgia. Babake, Joseph Fraser, alikuwa jenerali wa jeshi na mfanyabiashara wa mbao. Mwaka wa 1950 ulipoingia, mzee huyo na washirika wake walikuwa wakinunua sehemu kubwa ya Hilton Head, shabaha yao ikiwa ni misonobari. Kisiwa hicho kina urefu wa kilomita kama 19, na wakati huo hakikuwa na daraja wala feri ya magari. Aliyetaka kuvuka alitafuta mashua.

Kijana Charles alipelekwa huko kufanya kazi katika kambi ya wakataji miti. Wenzake walihesabu mbao. Yeye aliona kwamba msitu ule wa ufuoni, ukiachwa umesimama, ungeleta fedha nyingi kuliko ukilazwa chini. Lakini aliona pia hatari. Miji mingi ya pwani ya Marekani ilikuwa imejengwa ovyo: miti imefyekwa, vilima vya mchanga vimesawazishwa, na majumba yamepangwa mstari mmoja hadi aliye nyuma asiione bahari.

Jibu alilipata darasani. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu mwaka wa 1953, na huko alijifunza jambo moja lililoongoza maisha yake: anayeuza ardhi anaweza kuweka masharti ndani ya hati, na masharti hayo yakamfunga mnunuzi wa kwanza, wa pili, hata wa kumi. Ahadi ya mdomo hufa na aliyeitoa. Sharti lililo ndani ya hati hubaki na ardhi.

Feri ya serikali ilianza mwaka wa 1953, na daraja likafunguliwa mwaka wa 1956. Fraser alichukua sehemu ya kusini ya kisiwa, zaidi ya ekari 5,000, na mwaka wa 1957 akaanzisha kampuni ya Sea Pines. Mpango wa ardhi aliufanya pamoja na Hideo Sasaki, mmoja wa wabunifu wakubwa wa mandhari nchini humo.

Masharti yake yaliwashangaza madalali. Mti mkubwa haukatwi bila kibali. Nyumba haipakwi rangi ya kung'aa. Iwe ya rangi ya udongo au ya gome la mti, na isijitokeze juu ya msitu. Vilima vya mchanga havisawazishwi. Na kati ya ploti za ufuoni ziachwe njia za miguu, ili hata aliyenunua ndani kabisa aifikie bahari. Barabara zenyewe zilipindwa kuikwepa miti. Ekari 605 zilitengwa zibaki msitu.

Wapo waliodhani atafilisika kwa kuacha ardhi tupu namna hiyo. Kumbe miti ndiyo iliyouza ploti. Mwaka wa 1969 mashindano makubwa ya gofu yalianza Harbour Town, bandari ndogo ndani ya Sea Pines, na bingwa Arnold Palmer akashinda. Mwaka uliofuata ulikamilika pale mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, ambao leo ndio alama ya kisiwa. Bandari ilipochimbwa, mwaloni mmoja mkongwe uliokuwa karibu na maji uliachwa mahali pake, na ujenzi ukauzunguka.

Miaka hiyohiyo kampuni ya kemikali ya BASF kutoka Ujerumani ilitaka kujenga kiwanda bara, upande wa pili wa maji ya Hilton Head. Fraser na wajenzi wenzake walipinga. Waliosimama nao ni wavuvi weusi wa kamba, ambao riziki yao ilitegemea usafi wa mito ile. Mwaka wa 1970 mashua ya wavuvi, Captain Dave, ilisafiri hadi Washington ikibeba sahihi za wapinzani wa kiwanda. Mpango huo ukaachwa. Tajiri wa ploti na mvuvi wa kamba walikuwa wameyatetea maji yaleyale.

Wavuvi hao walikuwa Wagullah, na hapa ndipo habari ya Fraser inapokuwa nzito. Wagullah ni wajukuu wa Waafrika waliotekwa na kulimishwa mashamba ya visiwa hivyo. Mwaka wa 1862, vita vya Marekani vikiendelea, waliokombolewa walijenga Mitchelville kwenye Hilton Head, mji uliojiendesha na uliowalazimisha watoto kusoma. Baada ya vita walinunua vipande vya ardhi, wakalima na kuvua. Kabla ya daraja, wengi wa wakaazi wa kisiwa walikuwa wao.

Daraja na utalii vilileta kazi za mshahara, hilo halikatazwi. Lakini thamani ya ploti ilipopanda, kodi ya ardhi ilipanda hata kwa bibi ambaye hakuwa na nia ya kuuza. Mashamba mengi yalikuwa ya urithi usiogawanywa, bila wosia. Mrithi mmoja aliye mbali aliweza kuuza fungu lake, na mnunuzi akaenda mahakamani kuomba shamba lote lipigwe mnada. Ekari baada ya ekari, ardhi iliwatoka. Na Sea Pines ikawekewa lango lenye mlinzi, mtindo ambao mitaa mingine ya kisiwa iliuiga.

Fraser hakubuni kodi wala sheria ya urithi. Ila yeye, aliyejua kuliko wengi nguvu ya sharti lililoandikwa, aliyaandika kwa ajili ya miti, mchanga na rangi za nyumba. Jirani hakuandikiwa kitu.

Miaka ya 1970, bei ya mafuta na riba vilipopanda, kampuni yake iliyokuwa imejitanua hadi Puerto Rico iliyumba. Mwaka wa 1983 aliiuza. Alifariki Desemba 2002, akiwa na miaka 73, mashua ilipolipuka katika visiwa vya Turks na Caicos. Akazikwa chini ya mwaloni ule wa Harbour Town.

Si mbali na hapo, kando ya nyumba za wageni na uwanja wa gofu, kuna makaburi ya Wagullah ya Braddock's Point. Jamaa zao wakitaka kuwazuru, hupita kwanza kwa mlinzi wa lango.

Basi mwekezaji akija kwetu na michoro mizuri, tusiulize tu mikoko na matumbawe yatalindwa vipi. Tuombe hati tuisome. Njia ya mvuvi kwenda ufuoni imeandikwa? Shamba la urithi? Kaburi la babu? Fraser alituonyesha kuwa kilichoandikwa hubaki. Wagullah wanajua kisichoandikwa huenda wapi.