Tom Mboya pia alikatiziwa masomo na karo

Kama unaishi Kaloleni, Makongeni ama Jericho, ushampita Tom Mboya mara mingi. Yuko pale Moi Avenue kwenye sanamu yake, na wewe unakimbilia matatu. Leo simama kidogo.

Alizaliwa 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Akasoma Mang'u mpaka karo ikakosekana. Kijana wa kama miaka 17, akili anayo, shule hana. Hiyo hali unaijua. Wenzako wanapita na sare, wewe umekaa tu kwa nyumba, na kichwa kinaanza kukuambia wewe ni bure.

Mboya akapata nafasi ya kusomea ukaguzi wa afya, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Hata huko alilipwa kidogo sana kuliko Mzungu wa kazi hiyohiyo. Siku moja mama Mzungu aliingia ofisini, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu. Mboya alikuwa amesimama hapo hapo. Akamuuliza kama macho yake yana shida.

Yaani alikataa kuhesabiwa kama hayuko. Akaunda chama cha wafanyakazi wa baraza. Mwaka 1957 akachaguliwa kuwakilisha Nairobi kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1959, ndege aliyoisaidia kupatikana ikapeleka wanafunzi 81 Marekani. Aliuawa kwa risasi Julai 5, 1969, si mbali na sanamu yake ilipo, akiwa na miaka 38.

Sasa, sikuambii eti ukijiamini tu msongo wa mawazo utaisha. Huo ni ugonjwa. Lakini unashirikiana na kujidharau: ukijiona bure unajitenga, ukijitenga unazidi kuzama, na ukizama unaamini kweli ulikuwa bure. Hata Mboya hakusimama peke yake, alikuwa na wenzake wa chama.

Kwa hivyo kama ni wiki kadhaa hulali vizuri, hutaki kuona watu, ama unawaza heri usingekuwepo, ambia mtu leo. Shangazi, mwalimu, daktari wa kituo cha afya, yeyote unayemwamini. Kama uko chini ya miaka 18, Childline Kenya ni 116, na kupiga ni bure.