Alibhai Mulla Jeevanjee: Tajiri wa Nairobi na Mali Iliyobakia

Katika wafanya biashara waliotajika sana katika Nairobi tangu siku za kuanzishwa kwake, ni wachache waliopata jina kubwa kama Alibhai Mulla Jeevanjee. Sisi watu wa pwani tuendao huko kwa kazi, kwa matibabu, au kuwatazama jamaa zetu waliokaa Parklands na Ngara, hulitamka jina lake kila tupitapo katika bustani yake iliyo kati ya mji. Lakini wachache wetu ndio wajuao alikuwa nani, alichuma vipi, alipoteza vipi, na kilichobakia katika mali yake ni kitu gani.

Khabari za mtu huyu zafaa kusomwa, khasa na watu waliopatwa na khasara. Wengi wanakumbuka yaliyotokea Kenya katika mwaka 2015 na mwaka uliofuata, zilipofungwa benki tatu mbalimbali: Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank. Watu walioamka asubuhi wakidhani wana akiba yao, walikuta milango imefungwa, na sheria ya wakati ule haikumdhaminia mwenye akiba zaidi ya shilingi 100,000. Kisha katika mwaka 2020 yakaja maradhi ya korona, maduka yakafungwa na mahoteli ya pwani yakakosa wageni. Baada ya misukosuko kama hii, mwenye kusaliwa na kidogo hujiuliza: hiki nikitie wapi? Mwenye kuyatazama maisha ya Jeevanjee atapata jawabu, katika aliyofaulu na katika aliyopoteza.

KUZALIWA KWAKE NA KUJA KWAKE MOMBASA

Alizaliwa katika mwaka 1856 katika mji wa Karachi, ambao siku zile ulihesabiwa katika Bara Hindi na sasa umo katika Pakistan. Jamaa zake walikuwa Mabohora. Hakuwa mtu wa kukaa akangojea riziki imfuate nyumbani. Katika mwaka 1886 alisafiri mpaka Australia akafanya biashara huko, kisha akarejea kwao. Mnamo mwaka 1890 alifika Mombasa, wakati Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipokuwa ikitaka watu wa kuiletea wafanya kazi na vifaa.

Kampuni ile haikudumu. Katika mwaka 1895 serikali ya Kiingereza iliitwaa nchi mikononi mwake, na baada ya muda mfupi ikaanza kazi ya kujenga reli kutoka Mombasa kwenda bara. Katika muda wa ujenzi ule waliletwa kutoka Bara Hindi wafanya kazi wapatao 32,000, na Jeevanjee alikuwa miongoni mwa mawakala wakubwa wa kuwaleta. Tena alipata kazi ya kuwapelekea chakula, kuvunja mawe na kujenga. Reli ilifika Nairobi katika mwaka 1899, mahali palipokuwa tambarare ya majimaji waliyokuwa Wamasai wakinyweshea ng'ombe wao, ikafika ziwani Kisumu katika mwaka 1901. Kila ilipopanda reli, mali yake nayo ilipanda.

Hakuwa mtu wa kuchuma fedha tu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini alianzisha Mombasa gazeti lililoitwa African Standard. Katika mwaka 1905 aliliuza kwa Waingereza, nao wakalibadilisha jina likawa East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi. Gazeti hilo ndilo asili ya The Standard linalosomwa Kenya.

MOTO WA NAIROBI

Katika mwaka 1902 yaliingia maradhi ya tauni katika bazari ya Wahindi ya Nairobi. Bazari ile ilikuwa ya vibanda vya mabati na mbao, imesongamana, haina mifereji. Wakubwa wa afya waliona dawa yake ni moto. Bazari yote ikateketezwa, na wafanya biashara wengi wakapoteza maduka na bidhaa zao.

Wako waliokata tamaa wakarudi pwani. Jeevanjee alilitazama jambo lile kwa jicho jingine. Aliona kwamba mji umeungua lakini haja ya mji haikuungua: reli bado yapita, watu bado wanakula, serikali bado yataka afisi. Naye alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho, yaani waashi, mawe, magari na ujuzi wa kujenga, kwani hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya relini. Basi akajenga. Alijenga soko lililoitwa kwa jina lake, akajenga maduka na majumba, na serikali yenyewe ikawa mpangaji wake katika majengo mengi ya mji ule mchanga.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kufaulu kwake hakukuwa kwa bahati nasibu. Mali yake aliitia katika kazi aliyoijua kwa mikono yake, mahali alipopaona kwa macho yake, katika kitu ambacho watu hawana budi nacho. Hakununua ahadi ya mtu asiyemjua. Baada ya kila khasara hutokea watu wanaowaahidi waliopoteza kwamba watarudishiwa mali yao maradufu kwa muda mfupi. Na aliyepoteza ndiye mwepesi wa kusadiki, kwa sababu ana haraka ya kurejea alipokuwa.

BUSTANI NA BARAZA

Katika mwaka 1906 Jeevanjee alitoa kiwanja chake kilicho kati ya mji, kiasi cha eka tano, akakifanya bustani kwa ajili ya watu wa Nairobi. Ndani yake alisimamisha sanamu ya Malkia Victoria wa Uingereza, ikafunuliwa na mwanawe Malkia huyo, Duke wa Connaught. Katika mambo mawili hayo, moja alilifanya kwa ajili ya watu na la pili kwa ajili ya watawala. Mwisho wake kila moja tutauona.

Katika mwaka 1909 alichaguliwa na serikali kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa Muhindi wa kwanza kukaa humo. Lakini ukubwa ule haukumziba mdomo. Katika mwaka 1908 waziri wa makoloni, Lord Elgin, alikwisha kukubali kwamba ardhi ya milimani yenye rutuba wapewe Wazungu peke yao. Mjini nako palikuwa na fikra ya kuwatenga watu kwa rangi zao. Sehemu za juu kama Parklands zilikuwa makao ya Wazungu, na Wahindi na Waafrika wakasukumwa mabondeni na karibu na bazari. Jeevanjee alikwenda London katika mwaka 1910 akayasema hayo mbele ya watu. Katika mwaka 1914 ilipofanywa jamii ya siasa ya Wahindi wa Afrika ya Mashariki, yeye alikuwa rais wa mkutano wake wa kwanza. Shauri la kutenga makao kwa sheria lilikuja kuachwa katika mwaka 1923, na baada ya miaka Parklands ikajaa Wahindi, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Lakini ardhi ya milimani haikufunguliwa mpaka ukoloni ulipokaribia kumalizika.

Mwenye kufikiri ataona shida aliyokuwa nayo. Mlango wa mashamba ulifungwa mbele yake, basi mali yake ikabakia katika majumba na viwanja vya mjini. Na mpangaji wake mkubwa alikuwa serikali ile ile aliyokuwa akiilaumu. Mtu ambaye riziki yake imo katika mkono mmoja, akitaka kusema kweli mbele ya mkono huo, hana budi kuwa tayari kulipa.

MISUKOSUKO YA FEDHA

Baada ya vita vya kwanza vya dunia palitokea Kenya msukosuko wa fedha ambao wazee waliusimulia kwa muda mrefu. Kabla ya vita, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Baada ya vita thamani ya rupia ilipanda, na mwaka 1920 serikali ikakata kwamba rupia 10 ndizo pauni moja. Kisha ikaletwa florini, na baada yake shilingi.

Aliyekuwa hana deni huenda asione tofauti kubwa. Lakini mtazame mwenye deni. Mtu aliyekopa rupia 15,000, alikuwa na deni la pauni 1,000. Rupia zile zile zilipohesabiwa kwa kipimo kipya, deni likawa pauni 1,500, ilhali yeye hakuongeza hata senti moja. Na wakati huo huo bei za mazao zikaanguka ulimwenguni. Deni lilipanda na pato likashuka. Haukupita muda mrefu, katika mwaka 1929, ukaja ule mporomoko mkubwa wa Marekani uliotikisa dunia nzima, na bei za mazao na viwanja vya Afrika ya Mashariki zikaanguka tena.

Nyumba nyingi kubwa za biashara hazikusimama. Allidina Visram, aliyekuwa na maduka kutoka pwani mpaka Uganda, alifariki mwaka 1916. Mwanawe alifuata mwaka 1923, na biashara yao ikavunjika. Kilichobakia mbele ya macho yetu ni shule ya Mombasa yenye jina lake. Mali ya Jeevanjee nayo ilipunguka katika miaka hiyo, na mtu aliyewahi kuipangisha serikali majengo alifikia uzeeni akiwa na sehemu ndogo tu ya utajiri wake. Alifariki Nairobi tarehe 2 Mei 1936, naye ana umri wa miaka themanini.

KILICHOBAKIA

Sasa na tuitazame hesabu yake. Soko lake, majumba yake na mikataba yake vilikwenda kwa wengine. Sanamu ya Malkia iliyowekwa kwa ajili ya watawala ilivunjwa na watu wasiojulikana katika mwaka 2015. Bustani iko.

Nayo haikubakia kwa kujilinda yenyewe. Katika mwaka 1991 palitokea shauri la kuichukua na kujenga humo mahali pa kuwekea magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama pamoja na watu wa mji wakalipinga jambo hilo hadharani, na hoja yao ilikuwa nyepesi kufahamika: kiwanja hiki kilitolewa kwa watu, si mali ya mkubwa yeyote kukiuza. Shauri likaachwa. Mpaka leo mafundi, wanafunzi na wasio na kazi hukaa chini ya miti yake bila ya kuulizwa nauli wala kodi.

MAFUNZO KWETU

Ndugu zetu wa pwani, khabari hizi zatufunza mambo manne.

La kwanza, baada ya khasara mtu aanze kwa deni kabla ya kuanza kwa faida. Deni ndilo lililogeuka mlima katika mwaka 1920, na hapana biashara halali ya mtu wa kawaida inayokua upesi kuliko deni la riba lililoachwa. Sisi tuliarifiwa ubaya wa riba zamani, na rehani za mashamba ya pwani zimewatoa wenyewe katika ardhi za babu zao.

La pili, kilichosalia kitiwe katika kazi mtu aijuayo, kwa washirika awajuao, na kwa maandishi. Ushirika wa faida na khasara ni mlango uliofunguliwa na sheria yetu, lakini wengi wetu tunauingia kwa mdomo, na mmoja akifa warithi hawana la kushika.

La tatu, mali yote isiwekwe mahali pamoja, ikiwa ni benki moja, mpangaji mmoja au mnunuzi mmoja. Tangu mwaka 2020 dhamana ya akiba katika benki za Kenya imepandishwa kufika shilingi 500,000. Hii ni nafuu, lakini mwenye zaidi ya hapo asilale usingizi kwa ajili yake.

La nne, ndilo kubwa. Katika mali ya mtu iwepo sehemu isiyouzika, aliyoitoa kwa ajili ya watu. Sisi tunaiita wakfu, na miji yetu ya Lamu, Mombasa na Malindi ilijaa wakfu za misikiti, visima na mashamba. Ngapi katika hizo zimepotea kwa kukosa hati, kwa msimamizi asiyehesabiwa, au kwa warithi walionyamaza? Bustani ya Nairobi ilinusurika kwa sababu alipatikana wa kusema. Basi mwenye wakfu aiandike, aipime, aisajili, na awaambie wanawe wa kiume na wa kike ni ya nani na ni kwa kazi gani.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awalipe kheri waliopatwa na khasara, atupe rizki ya halali, na atujaalie katika mali zetu iwepo sehemu ambayo msukosuko wa fedha haufiki. Amin.